Wahitimu wa Lincoln: Habari za Chuo Kidogo na Watu Wake

Katika wilaya ya Chester, kusini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, karibu na mji mdogo uitwao Oxford, palikuwapo katikati ya karne ya 19 kijiji cha watu weusi walio huru kilichojulikana kwa jina la Hinsonville. Na kando ya kijiji hicho, katika ardhi ya mashamba, kilisimama chuo ambacho hakikuwa na mali ya kujivunia wala majengo ya kustaajabisha, walakini kikatoa, kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, matabibu na wahubiri, mawakili na mahakimu, washairi na waigizaji, na wakuu wa dola mbili za Afrika. Chuo hicho ni Lincoln. Kilikuwa chuo cha binafsi, kilichoishi kwa sadaka za waumini na karo za maskini, tangu kilipopewa hati yake mwaka 1854 hata mwaka 1972 kilipoingia katika auni ya serikali ya jimbo. Muradi wa makala haya si kuyapanga majina ya wahitimu wake kama shanga katika uzi, bali ni kueleza jinsi shule iliyoasisiwa kwa kusudi moja jembamba ilivyoleta natija nyingi ambazo waasisi wake hawakuzitia nia, na nyingine ambazo, lau wangaliziona mapema, huenda wangalizikataa.

Zama zile zilikuwa zama za hofu kwa mtu mweusi, hata katika majimbo yasiyokubali utumwa. Sharia ya mwaka 1850 ilimpa mwenye mtumwa ruhusa ya kumwandama mtoro wake popote katika nchi, na wanyang'anyi wakapata mwanya wa kuwateka hata watu waliozaliwa huru na kuwauza. Wilaya ya Chester, kwa kuwa imepakana na Maryland, jimbo la watumwa, iliyaonja madhila hayo mapema. Mwezi Desemba 1851 binti mmoja mweusi aliyekuwa huru, Rachel Parker, alitekwa mchana katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi, baada ya ndugu yake Elizabeth kutekwa kabla yake. Na ilibidi majirani, weupe kwa weusi, wasimame mahakamani Maryland kuthibitisha kuwa mabinti hao hawakuwa mali ya mtu, hata wakarejeshwa mwaka 1853. Miongoni mwa waliohangaika kwa ajili yao alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri wa Oxford, John Miller Dickey.

Mchungaji huyo ndiye aliyeasisi chuo, akisaidiwa na mkewe, Sarah Emlen Cresson. Katika mtaa wake alikuwapo kijana mweusi aliyekuwa huru, James Ralston Amos, ambaye shauku yake ilikuwa kusomea uchungaji. Dickey akamtafutia nafasi katika shule za madhehebu yao, na kila mlango aliougonga ukafungwa, maana rangi ya kijana ilitangulia mbele ya akili yake. Basi Dickey akaamua kwamba maadamu hakuna shule itakayompokea Amos, hapana budi ijengwe. Hati ilitolewa tarehe 29 Aprili 1854, na masomo yakaanza mwaka 1857 kwa wanafunzi wanne tu, katika jengo moja lililotumika kuwa darasa, bweni na mahali pa ibada. Jina la kwanza la shule lilikuwa Ashmun, kwa kumkumbuka Jehudi Ashmun, aliyekuwa wakala wa jumuiya iliyowahamishia Wamarekani weusi Liberia. Jina hilo linafichua nia ya waasisi: walitaka kuwaelimisha watu weusi ili wawe wahubiri, na wahubiri hao wasafiri waende Afrika. Dickey alikuwa mtu mwema, lakini katika fikira zake heri ya mtu mweusi ilikuwa ng'ambo ya bahari, wala si katika nchi ile aliyozaliwa. Na kweli wahitimu wa kwanza, James Amos na nduguye Thomas pamoja na Armistead Miller, walipanda chombo mwaka 1859 kwenda Liberia kuhubiri. Ilielekea kana kwamba historia ya chuo imekwisha andikwa kabla haijaanza.

Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, na utumwa ukapigwa marufuku, na Rais Abraham Lincoln akauawa, chuo kilibadili jina mwaka 1866 na kuitwa kwa jina lake. Badiliko hilo halikuwa la jina peke yake. Vijana waliokuwa watumwa miezi michache kabla walianza kumiminika wakitaka elimu, na wengi wao hawakuwa na haja ya Liberia. Mkuu wa chuo, Isaac Norton Rendall, aliyekishika chuo tangu mwaka 1865 hata 1906, aliwapa masomo yale yale yaliyosomwa na watoto wa matajiri weupe katika vyuo vikubwa: Kilatini na Kiyunani, hesabu, falsafa, ilimu ya dini, na usemaji wa hadharani. Walimu wake aghalabu walitoka Princeton, chuo cha madhehebu yale yale, ambacho chenyewe kilikuwa hakiwapokei wanafunzi weusi. Hata watu wakazoea kuiita Lincoln kuwa ndiyo Princeton ya weusi, msemo ambao una sifa ndani yake na una dhihaka pia. Katika siku zile wafadhili wengi waliamini kwamba mtu mweusi afundishwe useremala, uashi na kilimo, asiende mbele zaidi. Lincoln haikuifuata rai hiyo, na katika uamuzi huo ndipo ilipo siri ya mambo yote yatakayosimuliwa hapa, kwa sababu mtu aliyefundishwa kazi moja huishia katika kazi hiyo, bali aliyefundishwa kusoma, kupima hoja na kunena mbele ya watu hawezi kujulikana ataishia wapi.

Tazama ndugu wawili, Archibald na Francis Grimké. Walizaliwa Charleston, Carolina ya Kusini, mmoja mwaka 1849 na wa pili 1850, na mama yao, Nancy Weston, alikuwa mtumwa wa baba yao, bwana mweupe wa ukoo mashuhuri. Baba alipokufa aliwaachia wosia watunzwe na mwanawe mkubwa wa ndoa; naye, badala ya kuwatunza kama ndugu, aliwatumikisha kama watumwa, na Francis akamwuza wakati wa vita kwa afisa wa jeshi la Kusini. Baada ya vita walifika Lincoln, na mwaka 1868 mama mmoja mzee mweupe, Angelina Grimké Weld, aliyekuwa amejitenga na ukoo wake zamani kwa ajili ya kuupinga utumwa, aliona gazetini jina la ukoo wake likitajwa pamoja na sifa za mwanafunzi mweusi wa Lincoln. Aliandika barua kuuliza. Jibu lilipomthibitishia kuwa vijana hao ni watoto wa kaka yake, hakulificha jambo hilo, bali alifunga safari akaenda chuoni kuwatambua mbele ya watu kuwa ni damu yake. Ndugu hao walihitimu mwaka 1870. Archibald alisoma sharia Harvard, akawa wakili, mhariri na mwandishi, kisha balozi mdogo wa Marekani katika Santo Domingo. Francis alisomea dini katika seminari ya Princeton na akahubiri kwa miaka mingi katika kanisa la watu weusi mjini Washington, akilaani ubaguzi bila kupepesa. Wote wawili walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa NAACP, chama kilichoasisiwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 alisoma Lincoln William Drew Robeson, aliyetoroka utumwani Carolina ya Kaskazini akiwa na umri wa miaka 15, akapata shahada zake na kuwa mchungaji. Na mwanawe, Paul Robeson, ndiye mwimbaji na mwigizaji aliyejulikana dunia nzima, ambaye katika miaka ya 1930 alipokuwa London alijishughulisha kujifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1879 alihitimu Nathan Francis Mossell, akaenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania kusomea utabibu na kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu utabibu katika chuo hicho, mwaka 1882. Kisha mwaka 1895, kwa kuona kwamba hospitali za Philadelphia zilikuwa haziwakubali waganga weusi wala haziwapi wauguzi weusi mahali pa kujifunzia, aliasisi hospitali aliyoiita kwa jina la Frederick Douglass.

Mwaka ule ule wa 1879 alihitimu kijana mwingine ambaye jina lake halitajwi sana leo, ilhali taathira yake ilivuka bahari. Huyo ni Joseph Charles Price, msemaji hodari aliyesafiri Uingereza kuchangisha fedha, akarudi na kiasi cha dola 10,000, na kwa fedha hizo akakisimamisha chuo katika mji wa Salisbury, Carolina ya Kaskazini, ambacho baadaye kiliitwa Livingstone, kwa heshima ya msafiri yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Price alikufa mwaka 1893, hajatimiza miaka 40. Miaka mitano baadaye alifika katika chuo chake kijana kutoka Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, aitwaye James Kwegyir Aggrey, akahitimu mwaka 1902 na kubaki kufundisha. Na Aggrey ndiye yule aliyezunguka Afrika pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, akafika Afrika Mashariki mwaka 1924, akionekana mbele ya wenyeji na mbele ya watawala kuwa ni Mwafrika mwenye ilimu ya juu katika zama ambazo wengi walidai kuwa jambo hilo ni muhali. Aggrey alihutubia pia Lagos, na kijana mmoja Mwigbo aliyemsikiliza, Nnamdi Azikiwe, alitia nadhiri ya kwenda Marekani kusoma. Azikiwe alifika Lincoln. Kwa njia hiyo jambo lililotoka Lincoln na Price lilipita Salisbury, likavuka Atlantiki, likarudi Lincoln kwa mlango wa nyuma, bila mtu yeyote kulipanga.

Sasa tumefika katika kipindi ambacho chuo kilikuwa na bahati isiyopata kurudia. Kuanzia mwaka 1925 hata 1930 walikaa pale, wakipishana mwaka mmoja au miwili, Langston Hughes, Thurgood Marshall na Azikiwe. Hughes alikuja mwaka 1926 akiwa tayari mshairi aliyechapishwa, amefanya kazi melini na kuona pwani ya Afrika ya Magharibi, na umri wake ulipita wa wenzake. Marshall alikuwa kijana wa Baltimore, mwana wa mtumishi na mwalimu, mpenda karata na mzaha, mkali katika midahalo, wala hakuna aliyemdhania kuwa hakimu. Azikiwe alikuwa ameosha vyombo na kuchimba makaa ya mawe ili apate karo, na alikuwa amekwisha pitia vyuo vingine viwili.

Chuo walichokikuta kilikuwa na aibu yake. Kilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, wanafunzi wake ni weusi, na katika baraza la walimu hapakuwa na mwalimu mweusi hata mmoja. Hughes, akiwa katika mwaka wake wa mwisho, 1929, alifanya uchunguzi wa somo la elimu ya jamii kwa kuwauliza wanafunzi wa madarasa ya juu rai yao kuhusu jambo hilo, na jawabu likamtia simanzi: zaidi ya nusu yao walisema wanapendelea walimu weupe watupu. Vijana wale walikuwa wamekifanya kifungo chao kuwa mazoea. Marshall mwenyewe alikuwa upande wa wengi mwanzoni, kisha akageuka, na mwenye kutaka kujua mwanzo wa safari yake ya baadaye asipite mbali na mjadala ule. Marshall na wenzake walikwenda pia katika nyumba ya sinema ya Oxford wakakaa viti vilivyotengwa kwa weupe, wakakataa kuondoka. Hatimaye katika miaka ya 1930 chuo kiliajiri mwalimu mweusi, na mwaka 1945 kikampata mkuu wake wa kwanza mweusi, Horace Mann Bond, ambaye naye alikuwa mhitimu wa pale pale tangu mwaka 1923.

Marshall alihitimu mwaka 1930. Alitamani kusoma sharia katika Chuo Kikuu cha Maryland, jimbo lake, lakini chuo hicho kilikuwa hakipokei weusi. Akaenda Howard, na mama yake akaziweka rehani pete zake ili karo ipatikane. Haukupita muda mrefu baada ya kuhitimu Howard mwaka 1933, alirudi kwa chuo kile cha Maryland, safari hii akiwa wakili, akashinda kesi iliyokilazimisha kumpokea mwanafunzi mweusi. Kwa miaka zaidi ya 20 alizunguka majimbo ya Kusini akitetea watu ambao kuwatetea kulikuwa hatari, na mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani alisimama katika kesi 32 akashinda 29. Kubwa kuliko zote ni ile iliyohukumiwa tarehe 17 Mei 1954, iliyotangaza kwamba kuwatenga watoto katika shule za umma kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa hakimu katika mahakama hiyo hiyo, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, akakaa hata mwaka 1991.

Wasomaji wa Kenya wanayo sababu ya pekee ya kumkumbuka. Mwezi Januari 1960, kwa kuitwa na Tom Mboya, Marshall alikuja kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Alipopita Kenya kwanza na kupelekwa Kiambu, wakuu wa serikali ya kikoloni walimkatalia kuhutubia watu. Akaomba ruhusa ya kutoa salamu tu, na aliporuhusiwa alipaza sauti akasema neno moja, Uhuru, na umati ukalipuka kwa shangwe. Huko London aliandika rasimu ya sharia za haki za raia. Ajabu yake ni kwamba wakili huyu, aliyetumia maisha yake kuwatetea walio wachache na wanyonge katika nchi yake, alijikuta Kenya akiandika vifungu vya kuwalinda Wazungu na Wahindi, ambao walikuwa wachache lakini si wanyonge, akisisitiza kwamba ardhi ya mtu isitwaliwe bila fidia ya haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Walikuwapo waliomwona kuwa anawapendelea wenye mali. Yeye aliona kwamba kanuni ikiwa ni ya haki haichagui mtu wa kumfaa. Na alipozuru Kenya tena mwaka 1963 hakusita kuonyesha wasiwasi wake juu ya hali ya wafanyabiashara wa Kihindi.

Hughes hakupata cheo wala hakukitafuta. Aliishi Harlem kwa kalamu yake, akiandika mashairi, hadithi, tamthilia na makala ya gazetini, na mara nyingi mfuko wake ulikuwa mtupu. Hata hivyo hakuna aliyeyafanya zaidi yake maandishi ya Waafrika yasomwe Marekani, kwa maana mwaka 1960 alitoa mkusanyo wa maandishi yao, na mwezi Juni 1962 alikuwapo Kampala, katika mkutano wa waandishi Waafrika uliofanyika Makerere, ambao vijana kadhaa waliohudhuria walikuja kuwa nguzo za fasihi ya bara hili. Kabla ya hapo, mwezi Novemba 1960, alikwenda Lagos kwa mwaliko wa rafiki yake wa Lincoln, ambaye wakati huo alikuwa akiapishwa kuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, kabla ya kuwa Rais wake.

Maana Azikiwe alirudi Afrika mwaka 1934, akahariri gazeti mjini Accra, kisha mwaka 1937 akaanzisha lake mjini Lagos, na kwa magazeti hayo akawafundisha watu kuusaili utawala wa kigeni kila asubuhi. Alipokuwa Accra alimtia hamu ya safari mwalimu kijana wa shule, Kwame Nkrumah, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya Achimota Aggrey alipokuwa akifundisha pale. Nkrumah alifika Lincoln mwaka 1935, akahitimu mwaka 1939 na kupata shahada ya dini mwaka 1942. Umaskini wake wa siku zile ulikuwa wa kweli: aliuza samaki mitaani Harlem, aliosha vyombo melini, alifanya kazi kiwandani, na alihubiri Jumapili katika makanisa ya watu weusi. Mwaka 1951 alitolewa gerezani mwezi Februari ili aongoze serikali ya Pwani ya Dhahabu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amesimama tena Lincoln kupokea shahada ya heshima ya sharia.

Ni wajibu wa mwandishi wa tarehe kueleza na upande wa pili. Azikiwe na Nkrumah, waliosomea mahali pamoja, hawakukubaliana katika siasa: wa kwanza alitawala katika shirikisho lenye majimbo yenye nguvu, wa pili alitaka nchi yake iwe na dola moja yenye amri moja, na Afrika nzima iwe na serikali moja upesi, rai iliyomgonganisha na Julius Nyerere katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964. Mwaka 1966 wote wawili walipinduliwa na majeshi yao, Azikiwe mwezi Januari na Nkrumah mwezi Februari, na kila mmoja alikuwa nje ya nchi yake. Zaidi ya hayo, sharia ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu ilipitishwa Ghana mwaka 1958 chini ya Nkrumah. Na mtu aliyempendekeza Nkrumah arudi nyumbani mwaka 1947 kuwa katibu wa chama, Ako Adjei, ambaye naye alipata kusoma Lincoln, alishitakiwa kwa jaribio la kumwua Nkrumah pale Kulungugu mwaka 1962. Mahakama ikamwona hana hatia, Nkrumah akamwondoa jaji mkuu, kesi ikarudiwa, na Ako Adjei akahukumiwa kufa, hukumu iliyopunguzwa ikawa kifungo, hata mapinduzi yakamtoa. Chuo kilimfundisha mtu kudai haki. Kuitenda haki baada ya kushika madaraka ni somo ambalo shule haina shahada yake.

Tusisimame mno kwa wakuu wa dola, kwa kuwa wahitimu wengine walikwenda katika njia ambazo si rahisi kuzidhania. Robert Walter Johnson, mhitimu wa mwaka 1924, alikuwa tabibu Lynchburg, Virginia, na katika ua wa nyumba yake alijenga uwanja wa tenisi akafundisha watoto weusi mchezo ambao viwanja vyake walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Kutoka mikononi mwake walitokea Althea Gibson na Arthur Ashe, wote wawili washindi wa Wimbledon. Melvin Tolson, wa mwaka 1923, alikuwa mwalimu wa midahalo Texas, mshairi aliyeteuliwa na Liberia mwaka 1947 kuwa malenga wake, na meya wa mji mdogo wa Langston, Oklahoma. Clarence Mitchell aliketi miaka mingi Washington akiwakilisha NAACP mbele ya wabunge, akisukuma zile sharia za haki za raia za miaka ya 1950 na 1960 kwa subira ambayo wapiga kelele hawana. Roscoe Lee Browne alihitimu mwaka 1946, akawa mkimbiaji wa kitaifa, akafundisha fasihi, kisha akayaacha hayo yote akawa mwigizaji mwenye sauti isiyosahaulika. Gil Scott-Heron aliingia katika miaka ya 1960 kwa sababu Hughes alisoma pale, akaondoka bila shahada, akawa mwimbaji wa maneno makali ambaye wengi humtaja kuwa mtangulizi wa rapu. Bond, katika kuadhimisha miaka mia ya chuo, na wenzake baada yake, walipenda kutaja kwamba katika karne ile ya kwanza takriban asilimia 20 ya matabibu weusi wa Marekani, na zaidi ya asilimia 10 ya mawakili weusi, walitoka katika chuo hiki kimoja.

Wanawake ndio waliochelewa kupewa nafasi. Lincoln ilikuwa ya wanaume tangu mwanzo, na mlango haukufunguliwa kwa wanawake kikamilifu ila katika miaka ya 1950. Hiyo ni kasoro ambayo sifa zote zilizotangulia haziifuti. Miaka 40 hivi baadaye, mwaka 1994, alihitimu pale katika uchumi mwanamke mmoja wa Namibia aliyekwenda uhamishoni akiwa bado mtoto, Saara Kuugongelwa-Amadhila, naye mwaka 2015 akawa Waziri Mkuu wa nchi yake, wa kwanza mwanamke. Mtu hawezi kuacha kujiuliza ni wangapi wa namna yake waliopotea katika miaka ile karibu 100 ya mlango uliofungwa.

Hukumu ya jumla, basi, ni hii. Waasisi wa Lincoln walitaka wahubiri wa kuhamia Liberia, wakapata mahakimu wa kuibadili Marekani na viongozi wa kuikomboa Afrika. Walimu wake walidhani wanatoa hisani kwa walio chini, wakapata wanafunzi waliowasaili juu ya rangi ya baraza lao wenyewe. Hayo hayakutokea kwa sababu chuo kilijua kila mwanafunzi atakuwa nani. Yalitokea kwa sababu hakikujifanya kujua: kilimpa kila mmoja lugha, hoja, historia na ujasiri wa kusimama mbele ya watu, na dunia ikafanya yaliyobaki.

Leo katika nchi zetu vyuo vikuu vya binafsi vimeongezeka, na vingi vyao, kwa kuwa vinaishi kwa karo, vinajitangaza kwa kumwahidi mzazi kazi fulani itakayopatikana baada ya masomo fulani, na kuyafuta masomo ambayo soko halikuyauliza mwaka huu. Sababu zao zinaeleweka, maana mishahara ya walimu hailipwi kwa mashairi. Lakini wenye kuviongoza wangefanya vyema kukumbuka kwamba mwaka 1929 hapakuwa na soko lolote lililotangaza nafasi ya kuwatetea Wamarekani weusi mbele ya Mahakama Kuu, wala ya kuwa Rais wa Nigeria, na bado waliozijaza nafasi hizo walikuwa darasani wakisoma falsafa na historia. Nasi wazazi, tunapompeleka kijana chuoni, tuulize pia kama atafundishwa kufikiri, maana kazi atakayoifanya huenda bado haina jina.